“TULITUMA KWENYE GRUPU”: Mtangazaji awaka getini, mji wacheka, lakini mwenye kosa ni shule

Mji umecheka wiki nzima. Video ya dakika moja na ushei, iliyorekodiwa na mtu aliyekuwa ndani ya basi la shule, inamwonyesha mtangazaji mmoja wa redio, mama ambaye sauti yake huwaamsha watu wengi Nairobi, akiwa kwenye geti la shule ya bintiye. Wigi limeenda upande, kiatu kimoja kiko mkononi, na naibu wa mwalimu mkuu amesimama mbele yake mikono nyuma.

“Wiki sita!” mama anapaza sauti. “Wiki sita mtoto anakaa darasani anahesabu vigae vya dari, na hakuna hata mtu mmoja amenipigia simu!”

Naibu anajibu pole pole, kama mtu aliyeshajibu swali hilo mara nyingi: “Mama, hiyo tulituma kwenye grupu.”

Basi, mji ukapata msemo. Kondakta akidaiwa chenji, anasema alituma kwenye grupu. Mpangaji akiulizwa kodi ya nyumba, alituma kwenye grupu. Bwana akiulizwa alilala wapi Ijumaa, naye ati alituma kwenye grupu.

Kicheko hakina ubaya, na wigi lile kweli lilikuwa na safari zake. Lakini watu wamemcheka asiyestahili kuchekwa. Ukiweka kando fujo ya getini, mama yule alikuwa anauliza swali ambalo wazazi wengi wa JSS wanalo rohoni na hawana redio ya kulisemea: kwa nini shule inamweleza mzazi kila kitu isipokuwa kile anachohitaji kujua?

KILICHOTOKEA HASA

Binti yuko Gredi ya 8 katika shule ya kibinafsi, ile aina ya shule ambayo kalenda yake ina picha ya bwawa la kuogelea mwezi Januari na picha ya farasi mwezi Februari. Mwalimu wa sayansi aliondoka wiki ya pili ya muhula. Hakuna aliyeletwa mahali pake. Kipindi kikifika, watoto wanaambiwa wasome kimya. Wengine walisoma, wengine walichora, wengine walilala.

Binti hakusema kitu nyumbani. Ana miaka 13. Mtoto wa miaka 13 ukimuuliza shule ilikuwaje, anakujibu “poa”, anaingia chumbani na kufunga mlango.

Mama alipata habari saluni. Watu wa karibu naye wanasema msusi wake ana mteja mwingine mwenye mtoto darasa hilo hilo, na maongezi yakafika huko katikati ya kusuka. Ndiyo maana wigi lilikuwa upande: lilivalishwa haraka juu ya kichwa kilichosukwa nusu. Hebu fikiria safari ya habari hiyo. Imetoka darasani, imepitia nyumba ya watu wengine, imepita saluni, ndipo ikamfikia aliyelipa karo.

Njiani akafungua grupu la wazazi. Tangu muhula uanze kulikuwa na ujumbe 611. Kulikuwa na rangi ya fulana za siku ya michezo, na mjadala wa siku mbili kuhusu rangi hiyo. Kulikuwa na keki za siku ya kuzaliwa, pongezi, emoji za makofi, mzazi anayeuza mashuka, mzazi anayeuza ploti Kitengela, na maombi ya asubuhi. Na katikati ya hayo, usiku wa saa tano na dakika 47, baina ya picha ya keki na tangazo la mashuka, kulikuwa na mstari huu:

“Wazazi wapendwa, kutokana na sababu zisizozuilika, ratiba ya sayansi imerekebishwa. Asanteni kwa ushirikiano wenu.”

Chini yake wazazi kumi na wawili wameweka emoji ya dole gumba.

Soma mstari ule tena. Hausemi mwalimu ameondoka. Hausemi hakuna mwingine. Hausemi watoto wanafanya nini kipindi kikifika, wala hali hiyo itaisha lini. Kwa hiyo naibu aliposema “tulituma”, hakusema uongo, lakini hakusema ukweli pia. Walichotuma ni blanketi la kufunika shimo, na mzazi akapita juu yake akidhani ni sakafu.

LA DENI HALIKOSI KUFIKA

Watetezi wa shule wamejaa mitandaoni wakisema ni vigumu kumfikia kila mzazi. Wazazi wako kazini, wengine wako ng'ambo, wengine wamezima sauti ya grupu. Sawa. Basi waeleze hili jambo moja.

Ujumbe wa karo hufika. Hauji kwenye grupu. Unakuja kwa SMS, kwa namba ya mzazi mwenyewe, saa mbili asubuhi, na jina la mtoto limeandikwa bila kukosea hata herufi. Una kiasi kamili hadi shilingi ya mwisho. Una tarehe. Una namba ya kulipia ya M-Pesa. Hauna “sababu zisizozuilika” ndani yake. Na usipojibu, karani wa hesabu anapiga simu. Usiposhika, anampigia baba. Baba asiposhika, mtoto anapewa barua mkononi.

Kwa hiyo shule inajua kumfikia mzazi. Inajua jina lake, namba yake na mume wake. Inajua kuandika sentensi fupi isiyoweza kueleweka vibaya. Uwezo upo wote. Kinachokosekana ni nia, kwa sababu habari ya deni inaiingizia shule pesa na habari ya mwalimu aliyeondoka inaweza kuitoa pesa. Mzazi akijua hakuna mwalimu wa sayansi, atauliza analipia nini. Ni rahisi zaidi asijue.

Hapo ndipo mambo yote yalipo. Shule nyingi hazikosi njia ya mawasiliano. Zina WhatsApp, zina ukurasa wa Facebook, nyingine zina hadi programu yao ya simu. Lakini zimegeuza mawasiliano kuwa matangazo: mzazi anaonyeshwa shule ikipendeza, na siku ya kuharibika anaambiwa ratiba imerekebishwa.

KWA NINI JSS, KWA NINI SASA

Kuna wanaosema enzi zao wazazi hawakuambiwa chochote na watoto walifaulu tu. Hiyo ni kweli kiasi. Lakini enzi hizo mzazi alikuwa na kitu kimoja cha kushika: KCPE. Mtihani mmoja mwisho wa darasa la nane, alama 500, na hata nyanya kijijini alijua 400 ni sherehe na 150 ni kilio. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023 na ikaenda zake.

Sasa mtoto anaingia JSS Gredi ya 7 na kutoka Gredi ya 9. Kundi la kwanza liliingia mapema 2023 na kufanya KJSEA ya kwanza mwishoni mwa 2025. Na alama za kumpeleka mtoto sekondari pevu haziji siku moja. Asilimia 20 zinatoka KPSEA ya Gredi ya 6. Asilimia 20 zinatoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Asilimia 60 ni KJSEA yenyewe. Maana yake ni kwamba zile wiki sita za kuhesabu vigae vya dari ni sehemu ya hesabu. Mtoto anapoteza alama leo, mwezi huu, kipindi hiki, na mzazi akija kugundua Gredi ya 9, hakuna kurudi nyuma.

Halafu kuna kuchagua njia: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Mtoto wa miaka 14 au 15 anatakiwa kuchagua, na mzazi anatakiwa kumshauri. Atamshauri kwa kutumia nini? Kwa fomu ya ripoti iliyojaa EE, ME, AE na BE bila mstari mmoja wa maelezo? Kuna baba mmoja, mwigizaji anayejulikana kwa sauti nzito, aliyemnunulia mwanawe baiskeli kwa kupata BE akidhani ni B yenye kitu cha ziada. BE ni chini ya matarajio. EE ndiyo aliyezidi matarajio, ME amefikia, AE anakaribia. Sentensi moja chini ya ukurasa ingemwokoa na gharama ya baiskeli, na ingemwokoa mtoto na muhula mzima wa kudhaniwa yuko sawa.

Na umri wenyewe ni huo. Shule ya msingi mtoto alikuwa na mwalimu wa darasa anayemjua mpaka jina la paka wao. JSS ana masomo tisa na walimu wanaoingia na kutoka. Kila mwalimu anaona kipande chake. Mtoto mwenyewe ameanza kufunga mdomo, mwili unabadilika, marafiki wamekuwa wakubwa kuliko wazazi. Huu ndio wakati mzazi anahitaji habari zaidi, na ndio wakati shule inapoanza kumpa kidogo.

KUMJULISHA MZAZI SI KUUJULISHA MJI

Upande wa pili wa kosa hili uko wazi kabisa, na umemuumiza mtoto wa mtu mwingine anayejulikana. Mchekeshaji mmoja ana mwana Gredi ya 9. Kijana alikamatwa na simu bwenini pamoja na wenzake wanne, wakasimamishwa wiki moja. Adhabu ni haki ya shule. Lakini mwalimu wa zamu alifanya nini? Alipiga picha orodha ya majina kamili na kuitupa kwenye grupu la wazazi wote wa gredi hiyo.

Haikupita saa moja, picha ya orodha ilikuwa kwenye kurasa za umbea, jina la mtoto limezungushiwa rangi nyekundu. Baba mtu aliijua habari kutoka kwa shabiki aliyemwandikia “pole kaka”. Kijana alihamishwa shule kabla muhula haujaisha, na kosa lake lilikuwa simu.

Huyo naye ataambiwa “tulituma kwenye grupu”?

Jambo la mtoto mmoja ni la mzazi mmoja. Deni lake, utovu wake wa nidhamu, ugonjwa wake, alama zake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na si sheria ya kuning'inizwa ukutani tu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi hadharani bila idhini ya wazazi. Milioni nne na nusu! Lakini shule bado zinamwaga picha za watoto kwenye Facebook kila Ijumaa kutafuta wateja wa mwaka ujao, huku mzazi wa mtoto aliye kwenye picha hajui kwamba mwanawe hajapata chakula cha mchana vizuri siku tatu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyopinduka. Yale ya siri yanatangazwa, na yale ya kutangazwa yanafichwa.

USIMPIGE MWALIMU, PIGA MLANGO WA MKUU

Kuna wazazi ambao wakisoma hapa watakimbia kumvamia mwalimu wa darasa. Waketi kwanza.

Mwalimu wa JSS, hasa wa shule ya umma, ana mizigo yake. Wengi waliingia kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mwaka 2024 wakagoma kwa wiki kadhaa wakidai kuajiriwa kwa masharti ya kudumu. Mwalimu huyo anafundisha masomo ambayo mengine hakuyasomea, na data ya kutuma ujumbe kwa wazazi anainunua kwa pesa yake. Kumtaka pia awe ofisi ya habari saa tano usiku ni kumwonea.

Tena huko shule za umma shida ina sura yake. JSS zimewekwa ndani ya shule za msingi. Mwalimu mkuu wa msingi ndiye msimamizi, walimu wa JSS wamekuwa wakilalamika kwamba wanataka uongozi wao wenyewe, na mzazi akifika ofisini anarushwa kama mpira. Huku anaambiwa “hayo ni ya JSS”, kule anaambiwa “muulize mkuu”. Mama mboga ambaye amefunga kibanda asubuhi nzima kuja kuuliza kwa nini mtoto hana mwalimu wa hesabu anarudi na jibu la “njoo Jumatatu”. Huyo hata grupu hana. Simu yake ni kabambe. Yule mtangazaji alipaza sauti na mji ukasikia. Mama mboga akipaza sauti, anaitwa askari wa geti.

Na huyo mama mboga ana haki kubwa kuliko anavyodhani. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na shule ya umma ni mali ya serikali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inatambua chama cha wazazi shuleni. Akiuliza nani anamfundisha mtoto wake, haombi fadhila ya mtu.

MASTAA NAO WAJITAZAME

Haki lazima isemwe pande zote. Mtangazaji yule si malaika. Muhula huu mikutano miwili ya wazazi ilifanyika na yote alimtuma dereva. Dereva akakaa kiti cha mbele, akanywa soda, akatia sahihi, akaondoka. Mastaa wengi ni hivyo. Shuleni wanaonekana siku ya kutoa zawadi, wamevaa miwani, wakipiga picha na mtoto aliyeshika kombe. Siku ya kujadili alama, wana shoo.

Mzazi aliyezima sauti ya grupu mwaka mzima hawezi kuja getini na kiatu mkononi akidai hakuambiwa kitu. Na mzazi anayeligeuza grupu la shule kuwa soko la mashuka asishangae likishindwa kubeba habari.

Lakini kosa la mzazi halifuti kosa la shule. Hata wale waliohudhuria mikutano yote miwili hawakuambiwa kuhusu mwalimu wa sayansi. Waliambiwa kuhusu basi jipya.

KINACHOTAKIWA NI KIDOGO TU

Hakuna anayeomba miujiza, wala programu ya simu ya mamilioni. Ujumbe mmoja kila Ijumaa jioni, kwa SMS ili na mwenye kabambe aupate: nini kimefundishwa, nini kimekwama, nini kinakuja wiki ijayo. Somo likikosa mwalimu zaidi ya wiki moja, lisemwe hivyo hivyo, pamoja na tarehe ya kupata mwingine. Mtoto akikosa shule siku mbili, mzazi apigiwe simu na mtu, asisubiri ripoti. Jambo la mtoto mmoja liende kwa mzazi wake peke yake. Fomu ya ripoti iwe na maelezo kwa lugha inayosomwa nyumbani. Na mzazi apewe jina la mtu mmoja wa kuuliza, mmoja tu, mwenye saa zinazojulikana.

Karani anayetuma SMS za karo anaweza kutuma na hizi. Mashine ni ile ile na namba ni zile zile.

Habari zilizovuja kutoka shule ile ni kwamba Jumatatu hii, baada ya video kuzunguka na mwenye shule kupigiwa simu zisizohesabika, wazazi wa Gredi ya 8 walipokea SMS. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema mwalimu wa sayansi aliondoka wiki ya pili ya muhula. Ilisema mwingine anaanza Jumatano. Ilisema vipindi vilivyopotea vitafidiwa Jumamosi asubuhi bila malipo, na ikatoa namba ya naibu kwa mwenye swali.

Mistari minne, ambayo ingetumwa wiki sita kabla, na mama wa watu angemaliza kusukwa kwa amani.

Wanasema kwenye grupu hakukuwa na emoji hata moja siku hiyo. Kulikuwa kimya karibu saa nzima. Kisha baba mmoja, ambaye hakuwahi kuandika kitu tangu Januari, akauliza: “Asante kwa sayansi. Na Kiswahili? Mtoto wangu anasema mwalimu wa Kiswahili pia hajaonekana tangu mwezi uliopita. Ni kweli?”

Hadi tunda hili la umbea linachumwa, hajajibiwa.

Haya wazazi wa JSS, walimu, na hata nyinyi wakuu wa shule mnaosoma kimya kimya: mara ya mwisho habari ya maana kuhusu mtoto ilifika nyumbani kwa njia gani? Kwa shule, kwa mtoto, au kwa msusi? Andika hapo chini, na tafadhali majina ya watoto yaache nyumbani.